Miayo ya Mama Durban

Kama unataka kwenda kupunga upepo baharini na hujui uende bahari ipi, usijisumbue kuuliza simu yako. Njoo Johannesburg, mtaa wa Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park, uingie saluni ya Saida, ukae kiti cha katikati. Utatoka na maumivu ya kisogo, hilo sikatai, lakini mjinga hutatoka.

Kiti cha katikati kilikuwa na wenyewe. Marthe wa Uvira alisimama kushoto, Arlène wa Lubumbashi kulia, wakasuka kichwa kimoja kwa mikono minne mpaka wakutane utosini. Kichwa cha saa sita walikimaliza kwa saa tatu. Na kwa kuwa mikono ndiyo iliyokuwa kazini, midomo ilibaki huru, nayo haikupumzishwa hata siku moja.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja tu: Durban au Cape Town. Mteja akikaa na kusema, "Mamangu, nisukeni vizuri, nakwenda likizo," basi amejitakia mwenyewe.

"Unakwenda Durban, sivyo?" Marthe angeuliza, huku akimvuta nywele kidogo ili kumsaidia kujibu. "Maji ya Durban ni ya uvuguvugu. Unaingia asubuhi, unatoka jioni, hata chafya hupigi."

"Na jasho je?" Arlène angedakia kutoka upande wa pili. "Durban blauzi inalowa hujamaliza kufunga vifungo. Nenda Cape Town, dada. Kuna mlima umekatwa juu kwa kisu. Kuna wale ndege weusi wa kifua cheupe, wanatembea wima utadhani mapadri wanakwenda misa."

"Maji ya Cape Town ni ya friji!"

"Na ya Durban ni supu!"

Wateja walikuja kusukwa, lakini walikuja pia kusikiliza. Wakawabandika majina, Mama Durban na Mama Cape Town, na majina yakawaganda. Mabibi wa Sandton, wenye kazi zao za benki na viyoyozi, waliziacha saluni za huko zenye vioo mpaka darini, wakaja Bertrams kuuliza wapi samaki ni wazuri na pwani ipi haina upepo. Marthe aliwajibu wote bila kusitasita. Waliorudi walisema kila alilowaambia lilikuwa kweli tupu.

Sasa nikwambie jambo ambalo Marthe hakumwambia mtu. Mama Durban hakuwahi kuiona Durban. Si Durban tu, bahari yoyote ile hakuwahi kuitia machoni. Alizaliwa Uvira kando ya ziwa Tanganyika, ziwa alilijua mpaka uvungu wake, lakini miaka kumi na sita aliyokaa Johannesburg hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Pretoria. Bahari aliijua kwa vichwa vya watu.

Hebu fikiria. Watu wa mji huu huenda likizo Desemba, na mtu hawezi kwenda likizo na kichwa kimechakaa. Kwa hiyo Desemba, wakati kila nyumba inafunga mabegi, msusi hana nafasi hata ya kumeza mkate. Januari wateja wanarudi kufumuliwa, na hapo ndipo Marthe alipopata elimu yake. Alifumua rasta mojamoja akihoji: ulilala wapi? Ulikula nini? Ule mkate wanaoutoboa na kuujaza mchuzi, ni kweli unawasha? Rasta zikifunguka, mchanga ulidondoka mabegani mwa mteja. Wa Cape Town ulikuwa mweupe, laini. Wa Durban ulikuwa wa rangi ya sukari guru, wenye chembe nene. Marthe alikuwa wa kwanza kushika ufagio hata kama zamu si yake, na wenzake wakamsifu kwa usafi. Usafi gani! Mchanga wa Durban aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalificha nyuma ya kioo, na kopo lilikwishafika nusu.

Na uongo wenyewe aliuanza kwa sababu ya huruma za watu. Miaka ya nyuma mteja mmoja, mwanasheria, alimuuliza kama ameshafika baharini. Marthe akasema ukweli, kwamba bado. Yule mwanamke akainamisha kichwa upande, akamshika mkono, akasema, "Jamani, pole. Pole sana," kwa sauti ya msibani. Juma la pili akarudi na kalenda yenye picha za Cape Town na bahari yake, akasema, "Ili na wewe uione." Marthe alishukuru kwa mdomo, akaitupa ile kalenda kwenye pipa la nywele, na moyo ukamuwaka moto. Mtu amevuka mipaka minne kwa malori na kwa miguu, amesomesha watoto wawili kwa vidole hivi kumi, leo hii aonewe huruma kwa sababu ya maji ya chumvi? Mteja aliyefuata alipouliza swali lilelile, jibu lilitoka lenyewe: "Durban? Ah, Durban mimi nimekwenda mpaka nimechoka." Tangu siku hiyo hakuna aliyempa pole tena, naye aliapa hatapewa.

Lakini mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa cha Chiku.

Chiku alikuwa Mkenya wa Nyeri, afisa wa benki huko Sandton, mcheshi, mwenye nywele nyingi za kumaliza pakiti saba za rasta. Jumamosi moja ya Novemba alikaa kiti cha katikati, akangoja wote wawili washike kila mmoja upande wake, ndipo akafungua mdomo.

"Mimi na François tunafunga ndoa Desemba. Ufukweni, watu ishirini tu, hakuna makuu. Mimi nikisema Durban yeye anasema Cape Town, nikikubali Cape Town yeye ameshahamia Durban. Tumechoka. Tumeamua ninyi wawili mtuamulie."

"Sisi?" Arlène akacheka.

"Ninyi. Na mchague vizuri, kwa sababu nawachukua. Nina wapambe watano, na hakuna anayekubali kuguswa kichwa na mtu mwingine siku hiyo. Nauli, kulala, kula, vyote juu yangu. Bahari itakayoshinda, mwenyeji wake ndiye atakayetuongoza. Atuonyeshe njia, soko la samaki, pwani nzuri, kila kitu. Haya, Mama Durban, anza wewe."

Vidole vya Marthe vikasimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita vilisimama katikati ya rasta. Aliona yote yatakavyokuwa: anashuka garini Durban, watu ishirini wamemtazama yeye, wanamuuliza soko liko wapi, naye anageuka huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Halafu vichwa vyote ishirini vinainama upande. Pole, Mama Marthe. Pole sana. La, heri kufa. Lakini kama wangekwenda Cape Town, mzigo ungekuwa wa Arlène, na yeye angekaa nyuma ya gari ale karanga zake kwa amani.

Akakohoa kidogo. "Unajua, Chiku mwanangu, ukitazama vizuri, Cape Town nayo si mbaya."

Saida, mwenye saluni, aliyekuwa dirishani na kikombe chake cha chai ya tangawizi, aligeuza shingo taratibu.

Kabla hajasema neno, Arlène naye akasafisha koo. "Tuseme ukweli wa Mungu," akasema. "Durban ni karibu. Na maji yake yana joto zuri."

Chiku alitaka kugeuka amtazame, lakini alikuwa ameshikwa nywele pande zote mbili. "Mama Cape Town! Si ulisema ni supu?"

"Supu ni dawa ya mifupa."

"Na wewe Mama Durban, si ulisema Cape Town ni friji?"

"Baridi inakaza ngozi," akasema Marthe. "Bibi harusi anahitaji ngozi iliyokaza."

"Bibi harusi anahitaji kutabasamu bila meno kugongana!" Arlène akafoka.

"Ule mlima kwenye picha utakaaje!"

"Mlima haufungi ndoa!"

Basi wakashikana hivyo, kila mmoja akiutetea mji alioutukana miaka yote, na mikono ikaenda mbio pamoja na midomo. Marthe alisuka rasta tatu nzima kabla kitu hakijamgonga kichwani. Kwa nini Arlène anaikimbia Cape Town yake? Mtu hukimbia kwao? Akamtazama mwenzake juu ya utosi wa Chiku. Arlène alikuwa anamtazama vilevile, macho ameyafinya, na Marthe akaona jasho limemtoka puani. Loo! Kumbe!

Walisuka kimyakimya mpaka mikono ikakutana juu, wakachovya ncha kwenye maji ya moto, wakampa Chiku kioo. Chiku akajitazama na kupiga ukelele. Kushoto alikuwa na rasta nene za kufungia mbuzi. Kulia nyembamba za kushonea vifungo. Hasira za Marthe zilikuwa zimeshika nywele nyingi nyingi, za Arlène zimeshika chache chache, na hakuna aliyeangalia kazi ya mwenzake.

"Nimekuja mmoja, natoka wawili!" Chiku akalia, huku akicheka.

Ikabidi wafumue upande mzima waanze upya, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa upande mbaya ni wake, Saida akaja kuamua. Saida alikuwa mtoto wa Tanga, mtu wa pwani hasa, Ijumaa kwa Ijumaa akisali msikiti wa mtaa wa Mayfair na akirudi na halua ya Wasomali. Aliamua kwamba wafumue kushoto. Kisha akaamua na lile la pili bila kuombwa.

"Durban," akasema. "Bahari ya Durban ndiyo hiyohiyo inayopita Tanga kwetu. Na mimi nakuja. Wallahi nafunga saluni siku tatu, Desemba au si Desemba. Mama Marthe atatuongoza." Akamtazama Marthe kwa jicho la chini, na kicheko kilikuwa kimemjaa mashavuni.

Jioni, walipokuwa peke yao nyuma kwenye chumba cha birika, Arlène alifunga mlango.

"Yaya," akasema, maana huko kwao Lubumbashi dada mkubwa huitwa hivyo. "Leo nakwambia. Mimi Cape Town sijafika."

"Kumbe umeijuaje?"

"Kwa kalenda. Niliiokota hapahapa kwenye pipa la nywele, nikaipachika chumbani kwangu, mpaka leo ipo. Januari ni mlima, Februari ni wale ndege, Machi ni mizabibu. Ukurasa wa Juni ulichanika, ndiyo maana mteja akiniuliza Cape Town ya Juni huwa nabadilisha mazungumzo." Akacheka mpaka akashika meza, kisha akangoja. "Haya. Na wewe?"

Ukweli ulimfika Marthe mpaka kwenye meno. Lakini aliikumbuka ile kalenda ilikotoka, na ile sauti ya msibani, na meno yakafunga.

"Mimi Durban nimefika," akasema.

"Haya, yaya," Arlène akajibu, na akamimina chai.

Desemba ikaingia. Siku moja kabla ya kuondoka Arlène alimsuka Marthe rasta ndogo ndogo za kisogoni, maana mwenyeji haendi kwao na kitambaa kichwani. Alfajiri ya Ijumaa wakapanda kombi mbili za kukodi, na Marthe akaketishwa mbele, pembeni ya dereva, kiti cha heshima ambacho hakukitaka. Njia nzima maswali yalimjia kutoka nyuma. Mama Durban, tumebakiza kiasi gani? Mama Durban, chakula kizuri kinauzwa wapi?

Akafanya kama alivyofanya siku zote: akavipekua vichwa vya watu kwenye kumbukumbu. Mteja mmoja, mwalimu, alisema kuna milima, kisha barabara inateremka masikio yanaziba. Muda si muda barabara ikateremka, masikio yakaziba. Mwingine, muuguzi, alisema, ukiona miwa pande zote mbili ujue umefika. "Mkiona miwa," Marthe akatangaza, "jueni bahari iko jirani," na mara miwa hii hapa, kijani mpaka upeo wa macho. Mwenyewe alishtuka kuliko wote. Nyuma wakampigia makofi.

Halafu gari likapanda kilima cha mwisho, na bahari ikatokea.

Ilikuwa imesimama. Hakuna mteja aliyemwambia hilo, kwamba ukiiona kwa mbali bahari husimama mbele yako kama ukuta, imepanda juu kuliko nyumba, na haina ng'ambo. Ziwa la kwao lina milima upande wa pili, na jioni unaona moshi wa watu wengine wakipika. Huku hakukuwa na mtu, hakukuwa na mwisho, ni bluu tu mpaka mbinguni. Ndani ya gari wapambe walipiga kelele, Arlène akalia "Mama yangu weee!" akampiga Saida begani, hata Saida macho yakalowa. Na Marthe? Ukelele ulimpanda kifuani kama maziwa yanayofurika sufuriani. Lakini mtu aliyekwenda Durban mpaka akachoka hapigi kelele akiiona Durban. Akaufunika ukelele kwa kiganja, akaugeuza miayo.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ipo tu siku zote."

Usiku ule alikaa kitandani na kujisikitikia kwelikweli. Alikuwa ameingoja bahari miaka kumi na sita, ikaja, naye akaipigia miayo. Uongo wake ulikuwa umemwibia kitu ambacho hangerudishiwa, maana mara ya kwanza ni moja. Akalia kidogo kwenye mto, taratibu, Arlène asimsikie kitanda cha pili.

Asubuhi ya harusi anga lilikuwa safi. Ndoa ilikuwa saa nne, na saa mbili wasusi walikwishashuka pwani na zana zao: vigoda vitano, vitana, mafuta, pini, na kikapu kikubwa ambacho juu yake Chiku aliweka viatu vyake vyeupe vya harusi, mwenyewe akibaki na ndala.

"Tukae wapi, Mama Durban?" akauliza.

Marthe akaupima ufuo kwa macho. Kule juu mchanga ulikuwa mkavu, wa kuzama, kigoda kingelala upande. Huku chini karibu na maji ulikuwa umelala sawa, mgumu, unang'aa, sakafu nzuri hasa. Kwao ziwani mama zake walifua mahali pa namna hiyohiyo, maji hatua tano mbele, na kesho yake maji yalikuwa hatua tano vilevile.

"Hapa," akasema kwa sauti ya mwenyeji. "Wekeni vitu hapa. Maji hayafiki."

Saida, aliyekuwa ametandika mkeka wake juu kabisa, karibu na majani, aliinua uso, akatabasamu. Kazi ikaanza. Wapambe walipangwa kwenye vigoda, mgongo baharini, na Marthe na Arlène wakapita kichwa hadi kichwa wakifunga mafundo na kuchomeka pini. Kichwa cha tatu kilipoisha, Saida akaita.

"Marthe! Maji yanajaa!"

"Yajae kwa mvua ipi?" Marthe akajibu bila kugeuka. "Hujaona anga? Hata wingu hakuna!"

Saida akafunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

Bahari haikungoja mvua. Lilikuja wimbi moja dogo, la adabu, likalamba miguu ya vigoda na kurudi. Wapambe wakacheka wakanyanyua miguu. La pili halikuwa na adabu. Liliwapiga kiunoni, likaangusha vigoda viwili, likalowesha kitambaa cha pini, na liliporudi lilirudi na kikapu. Vitana vikaelea. Viatu vyeupe vikapanda juu ya povu vikitazamana, vikaanza safari.

"Viatu vyangu!" Chiku akapiga yowe.

Wote wakarudi nyuma wakikimbia, wamelowa, kisha macho yote yakamgeukia Marthe.

"Mama Durban," akasema mpambe mmoja, "si ulisema maji hayafiki?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari, umejipanga kwenye ulimi: bahari ya mwaka huu imebadilika, siku zile haikuwa na tabia hii. Wangeamini. Wangeendelea kumwita Mama Durban, naye angeendelea kupiga miayo mpaka afe. Marthe aliutazama ule uongo, na kwa mara ya kwanza ulimchosha.

"Sikujua," akasema. "Sijawahi kuiona bahari. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza."



"Na yale yote?" Chiku akauliza. "Maji ya uvuguvugu, miwa, mkate wa mchuzi? Miaka yote hiyo unatuambia?"

"Yalikuwa yenu. Mliyaacha kitini, mimi nikawapa wenzenu."

Akakitazama kichwa cha Chiku, kile kichwa alichokijua kila upele wake, akingoja kiiname upande. Pole ilikuwa njiani, aliujua mwendo wake.

Kichwa hakikuinama.

"Mama Marthe!" Chiku akafoka, mikono kiunoni. "Sasa umesimama unangoja nini? Kiatu changu kile kinakwenda India! Kifuate!"

Na Marthe akakifuata. Alikimbia na gauni lake la kitenge, viatu miguuni, wimbi likamjia kifuani, likamvunjikia usoni, akameza funda zima. Akatokea anatema mate.

"Ni chumvi!" akapiga kelele. "Mama yangu weee, ni chumvi kwelikweli!"

Ule ukelele wa jana, aliougeuza miayo, ukatoka wote. Alipiga kelele kwa kila wimbi, aliyapiga maji makofi, akaita jina la mama yake aliyekufa bila kuyaona haya yote, alicheka na kulia palepale, na hakuna ambaye angejua lipi ni lipi kwa sababu uso wote ulikuwa maji. Arlène akamfuata ndani akipiga mayowe kwamba na yeye Cape Town anaijua kwa kalenda, na wasimhesabu mwenyeji wa huko. Wapambe wakaangua kicheko, mafundo yao ya nywele yakafumuka.

Kiatu kimoja walikipata. Cha pili mpaka leo kinasafiri. Chiku aliolewa saa nne na nusu, miguu mitupu, na François akakibeba kile kimoja mkono wa kushoto ndoa nzima kwa sababu hakujua akiweke wapi. Kwenye picha msusi mmoja anaonekana nyuma, amelowa chapachapa, anatabasamu mpaka magego.

Januari saluni ikajaa, kama kawaida. Jioni moja wateja walipopungua Arlène akamvuta Marthe, akamkalisha kiti cha katikati, akamfunika mabega kwa kitambaa cheusi.

"Rasta hizi zimechoka, yaya. Tufumue."

Akaanza kisogoni. Rasta ya kwanza ikafunguka, ya pili ikafunguka, na kwenye kitambaa cheusi zikadondoka chembe, moja, tatu, nyingi kidogo, nene, za rangi ya sukari guru. Marthe aliinamisha macho akaziona. Saida akaja na ufagio wake.

"Wacha," Marthe akasema. "Usifagie."

Alinyanyuka, akakiacha kitambaa kitini kwa uangalifu, na nusu ya kichwa imefumuliwa na nusu bado, akalitoa kopo nyuma ya kioo. Akatoka nalo nje, akaumwaga mchanga wa watu wote kwenye chungu cha ua kilichopo mlangoni. Kisha akarudi, akakunja kitambaa taratibu, akakung'uta mchanga wake ndani. Haukufika hata kijiko. Akaufunika, akaliweka kopo mbele ya kioo, mahali pa kuonekana.

Mlango ukagongwa. Aliingia binti mmoja mgeni, ana simu mkononi, macho yanatafuta.

"Samahani, nimeelekezwa hapa," akasema. "Nina likizo Februari, sijui niende Durban au Cape Town. Nasikia hapa kuna mama anayejua."

Arlène akamtazama Marthe, kitana hewani.

"Cape Town sijafika," akasema Marthe. "Durban nimekwenda mara moja. Keti, mwanangu, nikusimulie, na la kwanza nakwambia: viatu vyako viweke mbali."